Mkono wa Kushoto wa Mzee Arkhurst

Essakrom,
18 Januari 1976

Kaka yangu mpendwa Kobina,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila upepo wa kaskazini umetukausha midomo na vumbi limeingia mpaka kwenye masufuria. Shangazi Esi anakusalimu. Bado anapika madonge yake ya kenke ya mahindi, bado anagombana na kila anayesema yamepungua ukubwa, na kweli yamepungua. Mbuzi wake mweupe amezaa mapacha. Baba anaendelea vizuri kiasi.

Hilo "kiasi" ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie. Mwezi wa kumi nilikwambia aliugua miguu akapona. Sikukwambia yote. Kilikuwa kiharusi. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo, na ulimi nao unarudi polepole, lakini mkono wa kushoto umekufa kabisa. Anauficha ndani ya joho. Watu wanamwona anaingia kanisani saa mbili na nusu kila Jumapili, anapita nyuma ya pazia, anakaa kwenye benchi lake la miaka thelathini, na kinanda kinalia. Wanashukuru Mungu kwa kumponya.

Anayepiga ni mimi, Kaka. Tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba. Unakumbuka nilikuwa nikivuta mpini wa mivukuto na kumfunulia kurasa tangu nina miaka kumi, kwa hiyo hakuna anayeshangaa kuniona naingia nyuma ya pazia. Siku hizi tumebadilishana tu. Yeye anavuta mpini kwa mkono wake mzima, mimi naukalia upande wa vibao. Nikimaliza, anatoka yeye kwanza, watu wanampa mkono, mimi nakusanya vitabu.

Utaniuliza kwa nini tusiseme ukweli. Unaujua Umoja wa Wapiga Vinanda kuliko mimi. Benchi likiwa wazi ni lazima likabidhiwe mtu, na anayekabidhiwa anaapa mbele ya madhabahu kwamba haliachi kabla ya miaka mitano. Waliweka sheria hiyo baada ya wale watatu kutorokea bendi za dansi Accra. Wakijua kwamba ninapiga, wataniapisha mimi. Wasipojua, nakaa hapa hapa nyuma ya pazia. Huku miaka mitano, huku sijui mingapi.

Na mimi nina mwaka huu mmoja tu. Desemba nilimwambia Baba naenda kununua uzi, nikapanda gari mpaka Winneba, nikafanya mtihani wa chuo cha muziki. Nimepita. Masomo yanaanza katikati ya Septemba. Hawachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini, nami nitatimiza Machi ya mwaka ujao. Baba hajui na sijui nimwambieje.

Njia ni moja. Mtoto wa kiume wa mwenye benchi anaweza kulikalia, hilo halihitaji hata kikao. Rudi, Kaka. Najua ninachokuomba. Nisingekuomba kama ningekuwa na mwingine.

Mdogo wako,
Araba


Abidjan,
2 Machi 1976

Kwa mdogo wangu Araba,

Barua yako imenikuta salama, imechakaa pembeni kama vile ilikuja kwa miguu. Huku kuna joto na mvua zimeanza kunong'ona. Nimenenepa kidogo, mwenye hoteli anasema ni vizuri, wageni hawamwamini mpiga piano mwembamba. Napiga kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka wateja waishe. Wanapenda nyimbo za mapenzi. Juzi Mfaransa mmoja alilia, nikampigia tena, akanunulia ukumbi mzima vinywaji. Nakutumia kitenge cha kwako na kingine cha Shangazi. Mwambie asikifungie kenke.

Habari za Baba zimeniumiza. Sikuwazia mkono. Nimejaribu kumwona akivuta mpini na wewe umekaa pale, nikacheka, halafu sikucheka tena.

Kuhusu Winneba, hongera. Siku zote ulikuwa na vidole vizuri kuliko mimi, ila Baba hakuwahi kukutazama vidole, alikutazama mikono ya kuvutia mpini. Usiiache nafasi hiyo.

Mkataba wangu hapa unakwisha Pasaka. Baada ya hapo nitakuja tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Vumilia. Kwa sasa endelea kupiga kama yeye, na usisahau ule mgando wake, kule kusimama mwisho wa mstari wa tatu, maana watu wa Essakrom wakikosa mgando ule watadhani dunia imekwisha.

Je, Baba amewahi kusema lolote kunihusu? Nauliza tu.

Kaka yako,
Kobina


Essakrom,
27 Aprili 1976

Kaka Kobina,

Tunakusalimu wote. Pasaka imepita tarehe kumi na nane. Nilitandika kitanda chako Ijumaa Kuu, nikakitandua Jumanne. Shangazi amevaa kitenge chako kanisani na ameshaanza kusema kwamba Abidjan wewe ni mtu mkubwa. Mbuzi mmoja katika wale mapacha amekufa.

Ulitania mgando wa mstari wa tatu, basi ngoja nikusimulie. Unajua ulikoanzia. Zamani kishikizo kimoja cha kinanda kilikuwa kinakwama, Baba akifika mwisho wa mstari wa tatu anaachia vibao akivute kwa nguvu, na watu wanamngoja. Kishikizo kilitengenezwa mwaka hamsini na nane. Kungoja kukabaki. Kizazi kizima kimejifunza kuvuta pumzi pale, na ndugu zake wa Umoja wanamcheka kwamba Arkhurst hata akipiga wimbo wa harusi lazima apumzike njiani. Mimi huo mgando naupiga kila Jumapili, katika kila ubeti wa kila wimbo, ili nisijulikane. Najifunza kukosea kama mtu mwingine.

Siku ya Pasaka sikuweza. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, kwaya imevaa nyeupe, nikafika mwisho wa mstari wa tatu nikapita moja kwa moja kama ilivyoandikwa kitabuni. Kaka, nilikuwa tayari nimeingia mstari wa nne na wao bado wanavuta pumzi. Tenori wakaja na mimi, besi wakabaki nyuma, akina mama wa mbele wakaligeukia pazia kwa macho makali. Halafu Baba akaachia mpini. Upepo ukaisha ndani ya kinanda na sauti ikafifia, ikafa, watu wakabaki wanaimba peke yao. Akanitazama, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Ngoja." Nikangoja. Akaanza kuvuta tena.

Nje ya kanisa walisema Mzee Arkhurst amezeeka, leo amesahau pa kungoja. Ubeti mmoja sahihi katika miaka thelathini, na amelaumiwa yeye kwa huo. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, na sikumhurumia. Nakwambia kweli tupu, sikumhurumia.

Sasa kuna jambo baya zaidi. Umoja ulikutana hapa kwetu Jumamosi iliyopita. Walikula wali na mchuzi wa njugu, wakabishana saa nzima kama Amina ya mazishi ipigwe mara moja au mbili, wakagawana mazishi ya mwezi, halafu wakapiga kura kwenye kofia ya Bwana Hayfron kwa ajili ya Jumapili ya Kuhamiana, kila mmoja akapige kwenye kanisa la mwenzake. Ni tarehe moja Agosti. Baba amepata kanisa la Bwana Hayfron mwenyewe, kule Kwesimano. Pale hakuna pazia. Kinanda kiko mbele kabisa kando ya madhabahu, na ni cha kupuliza kwa miguu, hakina mpini wa mtu kuvuta. Na Bwana Hayfron kama mwenyekiti hapigi siku hiyo, anakaa kwenye viti na kusikiliza.

Uliuliza kama Baba anasema lolote kukuhusu. Anataja jina lako, hasa siku za posta. Njoo kabla ya Agosti.

Araba


Essakrom,
6 Juni 1976

Kaka Kobina,

Salamu. Mvua zimekata njia, labda ndiyo maana sijapata jibu. Shangazi ana homa lakini anauza.

Winneba wanataka nithibitishe kabla ya tarehe thelathini na moja Agosti. Baba kila Jumatano ananifuata mlangoni, ananinyooshea mkono wake mzima, anasema, "Barua." Nikimwambia hakuna, anakaa. Sijui ni barua gani anayoingoja, maana hakuna anayemwandikia. Labda kichwa kimeanza kuchanganya.

Naota niko nyuma ya pazia na limeshonwa kuzunguka pande zote. Niandikie, hata mistari miwili.

Araba


Abidjan,
20 Juni 1976

Mdogo wangu Araba,

Pole na mvua, pole kwa Shangazi. Barua zako mbili zimefika siku moja, nimezisoma kwa mpigo. Mimi sijambo, ila jino moja linanitesa.

Usinione mkaidi. Baada ya Pasaka mwenye hoteli aliniongezea mkataba kabla sijafungua mdomo. Halafu pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda, na ofisi ya hapa ukienda Jumatatu wanakwambia Alhamisi, ukienda Alhamisi wanakwambia karani amefiwa. Naifuatilia.

Kuhusu Agosti, mbona rahisi? Baba aumwe siku hiyo. Mtu wa miaka sitini na minane ana haki ya kuumwa Jumapili moja. Umoja utampeleka mwingine Kwesimano, na sisi tutapata nafasi ya kupumua. Halafu tutaona.

Namtumia shati. Mwambie mwanawe anamkumbuka. Wala usiyachukulie sana maneno yake kuhusu barua. Wagonjwa wa kiharusi husema vitu vingi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipelekwa mazoezini kila siku baada ya shule, wenzangu wako uwanjani? Wewe ulikuwa unaniletea maji pale. Ulikuwa unatamani kukaa mahali pangu, na mimi nilikuwa natamani kuwa yeyote anayepita nje. Sijui kwa nini nimeandika haya.

Kobina


Essakrom,
5 Agosti 1976

Kaka Kobina,

Nakusalimu. Shangazi amepona. Shati limemtosha Baba na alilivaa kwenda Kwesimano.

Ndiyo, tulikwenda. Nilimwambia ajilaze aumwe kama ulivyoshauri, akatikisa kichwa mpaka nikaogopa. Alitaka kwenda. Njia nzima nilikuwa napanga: atapiga kwa mkono wa kulia sauti ya juu peke yake, mimi nitakanyaga chini kwa miguu na kufunua kurasa, na watu watasema ameugua. Nilijua hawatasema hivyo. Nilijua nikitoka pale nitakuwa nimeapishwa au tumefukuzwa kwenye nyumba ya kanisa tunayoikaa kwa ajili ya benchi.

Tulipoingia, nikakuta mbele ya kinanda kuna viti viwili. Kimoja kipana mbele ya vibao, kingine chenye mto pembeni. Bwana Hayfron alikuja na lile tumbo lake, akamshika Baba mkono mzima, akamkalisha kwenye mto. Mimi akanionyesha kile kipana, kama vile ndivyo tulivyokubaliana siku zote. Watu walipokaa akasimama akawaambia, "Leo Mzee Arkhurst ametutembelea, na amekuja na mkono wake wa kushoto." Wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani ananisifu.

Nikapiga, Kaka. Hadharani, watu mia tatu wakiniangalia mgongo. Watu wa Kwesimano hawana mgando, kwa hiyo sikuwa na haja ya kukosea. Nilipiga kila mstari ulivyo, na besi yangu ilivyo, na Baba alikuwa akipigapiga goti lake kwa ule mkono wa kulia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Baada ya ibada tukapewa chakula kwenye chumba cha mchungaji. Baba alikuwa anazungumza na wazee wa kanisa, Bwana Hayfron akanivuta dirishani. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema.

"Binti, tunajua tangu Novemba. Baba yako hajawahi kuharakisha besi maishani mwake. Wewe unaikimbiza kama una basi la kuwahi."

Nikamwuliza, kama wanajua, mbona wamenyamaza.

"Tukijua, itabidi tukuapishe. Kwa hiyo hatujui. Sisi kumi na mmoja wote hatujui, na ni kazi ngumu, maana Yawson mdomo wake haukai."

Nikamwuliza wanangoja nini basi.

Akanishangaa. "Tunamngoja kaka yako. Si baba yako alimwandikia? Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kalamu, kabla ya Krismasi, yeye anataja neno moja moja. Ilituchukua mchana mzima. Alinikataza nisikwambie."

Miezi tisa nimekaa nyuma ya kile kitambaa nikidhani nawaficha watu, kumbe watu ndio walionifichia. Na Baba, niliyemchukia siku ya Pasaka, alikuwa anangoja jibu. Zile Jumatano zote kichwa chake kilikuwa kizima kabisa.

Bwana Hayfron anasema wataendelea kutojua mpaka Desemba, si zaidi, kwa sababu mkutano mkuu unauliza majina. Anadhani barua ilipotea. Baba pia anadhani ilipotea. Anailaumu posta.

Sitaki habari za mwenye hoteli wala za karani. Ulipata barua ile au hukupata?

Araba


Abidjan,
22 Agosti 1976

Araba,

Niliipata. Tarehe tisa Januari, kabla ya yako ya kwanza.

Iko hapa, nimeitoa ndani ya sanduku la viatu. Mwandiko ni wa Hayfron lakini nilimsikia Baba katika kila neno. Anasema: "Mwanangu, mkono wangu wa kushoto umekufa. Araba anapiga badala yangu, tena kunishinda. Amekwenda Winneba kujaribu shule, anadhani nimeamini alikwenda kununua uzi. Rudi ukalie benchi ili yeye aondoke. Usimwambie kama nimekuomba, akijua hatakwenda. Sikuombi kwa ajili yangu. Najua nilikukalisha pale kwa nguvu ulipokuwa mtoto, na kwa hilo unisamehe."

Niliisoma nimesimama posta, nikaikunja. Jioni ile nilipiga kuliko siku zote. Watu walisimama. Nikajua kwamba sitarudi, na nikajua kwamba sitajibu, maana kujibu ni lazima uandike neno, na neno lenyewe sikuwa nalo. Kisha ikaja yako, nikakuahidi Pasaka. Sikuwa nakudanganya wakati naandika. Nilikuwa nakudanganya nilipofunga bahasha.

Pasi yangu haijaisha muda. Karani hakufiwa.

Nitakwambia jambo la aibu. Uliponiandikia kwamba umenasa nyuma ya pazia, nilisikitika, na chini ya masikitiko nilifurahi kwamba si mimi. Nikirudi wataniapisha mwezi huo huo. Miaka mitano, halafu mitano mingine, halafu nitakuwa na mgando wangu na watu watanicheka nao mpaka nife. Hapa hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Natembea barabarani na hakuna anayeniuliza wimbo wa Jumapili.

Siji, Araba. Fanya utakavyoona. Kama utabaki, sitaweza kukutazama usoni tena, lakini hata ukienda sijui kama nitaweza. Mwambie Baba chochote unachoona kinafaa. Mwambie ilipotea, ni afadhali kwake.

Kobina


Winneba,
3 Oktoba 1976

Kaka Kobina,

Salamu kutoka chuoni. Tunalala sita katika chumba kimoja, mimi ndiye mkubwa kwa wote na wananiita Mama. Mwalimu wa kinanda amenisikiliza dakika tano, akaniuliza kwa nini nasimama mwisho wa mstari wa tatu. Nikamwambia ni ugonjwa wa kurithi. Leo asubuhi nimekaa kanisani kwenye viti kama watu wengine, nikaimba, na mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Sikuondoka kwa urahisi. Nilipopata barua yako nilithibitisha nafasi yangu siku mbili kabla ya mwisho, halafu nikakaa wiki nzima bila kumwambia mtu. Jumamosi ya kwanza ya Septemba Umoja ukakutana kwa Bwana Yawson. Nikaomba kuingia, nikasimama mlangoni, nikawaambia huji. Sikuwaambia habari za sanduku la viatu. Nikasema tu huji, na mimi naondoka, na kama wanataka kuniapisha waniapishe sasa hivi ili niwe nimevunja kiapo, lakini nitaondoka.

Bwana Yawson akasema hivyo ndivyo inavyokuwa watoto wa kike wakisomeshwa. Bwana Hayfron akamwambia anyamaze ale. Wakabishana kuliko walivyobishana juu ya Amina. Mwishoni wakakubaliana wagawane. Kila Jumapili mmoja wao anapiga kwake ibada ya alfajiri, anapanda baiskeli au gari, anawahi Essakrom saa tatu. Mpaka Desemba. Mkutano mkuu ukipita, benchi atapewa mwingine, na nyumba tutairudisha. Shangazi amekwisha ondoa magunia yake ya mahindi kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwake ili Baba akae. Miaka thelathini katika nyumba ile, na vitu vyake vimeingia kwenye chumba cha mahindi. Huo ndio mwisho wa benchi la Arkhurst, na tumeumaliza wewe na mimi, kila mtu kwa upande wake.

Nilimwambia mwenyewe. Nikasema, Baba, nimepata Winneba. Akasema, "Uzi." Akacheka na upande mmoja wa mdomo, kisha akalia na pande zote mbili. Nasikia Jumapili bado wanamwongoza mpaka nyuma ya pazia na anamvutia mpini yeyote aliyekuja. Anawalazimisha wote wangoje mwisho wa mstari wa tatu. Bwana Hayfron mwenyewe amengoja.

Lakini lile uliloniomba sikulifanya. Sikumwambia ilipotea. Nimebeba mpini wako na kurasa zako na maji yako ya mazoezini, Kaka, na nimekubebea ukimya miezi tisa bila kujua. Hapo nimefika.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua nyingine. Aliitamka wiki ile kabla sijaondoka, neno moja moja, na kalamu alishika Bwana Hayfron. Sijaisoma, imefungwa. Alisema anaituma tena kwa sababu ile ya kwanza haikufika. Nikamwambia, Baba, barua zinazokwenda kwa Kobina zinafika zote, hata moja haipotei. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo.

Araba